Nani Avunjaye Agano? Kuhusu Miungu Walinzi wa Adui katika Roma ya Kale na katika Masimulizi ya Walikale

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza desturi moja ya Warumi wa kale, nayo ni ile ya kuwaita miungu walinzi wa mji wa adui ili watoke mjini humo na kuhamia Roma. Baada ya kuieleza, tutaipima kwa masimulizi na imani zinazojulikana katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini. Huenda msomaji akauliza: pana uhusiano gani kati ya jemadari wa Kirumi na mtambaji wa msituni Walikale? Hatudai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenziwe. Tunachodai ni kwamba wote wawili wanashughulikia swali moja. Mji, mtawala au askari akilindwa na nguvu isiyoonekana, na hata hivyo akashindwa, ulinzi ule ulikwenda wapi, na ni nani aliyeuondoa?

Swali hili si la kujifurahisha tu. Jibu lake ndilo linaloamua nani atabeba lawama ya kushindwa, na katika nchi iliyojua vita kwa miaka mingi, lawama hiyo ni jambo zito. Tutachukulia kwamba ulinzi wa namna hii ni agano kati ya mlinzi na mlindwa, na kwamba adui amesimama nje ya agano hilo. Tofauti za mila tutakazozitazama zinatokana na jibu la swali moja: kati ya hao watatu, ni nani mwenye uwezo wa kulivunja?

2.0 Desturi ya Warumi

Kwa Kilatini desturi hii iliitwa evocatio. Neno hilo limeundwa kwa kitenzi vocare, yaani kuita, pamoja na kiambishi awali chenye maana ya kutoka ndani kwenda nje. Maana yake ya msingi basi ni kumwita aliye ndani atoke. Warumi waliamini kwamba kila mji una mungu, wa kiume au wa kike, aliyeupokea chini ya ulinzi wake. Maadamu mlinzi huyo yumo ndani, kuuteka mji ni vigumu; na hata ukitekwa, kuuvunja ilhali mungu yumo ndani yake ni kufuru, na kumfanya mungu kuwa mateka ni kufuru vilevile. Kwa hiyo kabla ya shambulio la mwisho jemadari alimwomba mlinzi huyo atoke, akimwahidi makao na ibada huko Roma.

Mfano mashuhuri ni ule wa Veii, mji wa Waetruski uliokuwa karibu na Roma. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 396 KK, kwa hesabu ya mapokeo, jemadari Camillus alimwomba Juno, mungu wa kike wa Veii, awafuate washindi hadi kwenye mji wao, ambako angejengewa hekalu linalolingana na ukuu wake. Mji ulipotekwa, walichaguliwa vijana miongoni mwa askari, wakaoga, wakavaa mavazi meupe, wakaingia hekaluni kwa unyenyekevu. Mmoja wao, ama kwa mzaha ama kwa kuvuviwa, alimwuliza Juno kama anataka kwenda Roma. Wenzake wakasema sanamu imeinamisha kichwa kukubali. Hekalu lake lilijengwa juu ya kilima cha Aventino na kuwekwa wakfu mwaka 392 KK. Livy aliandika zaidi ya karne tatu baadaye, naye mwenyewe anaisimulia habari hii kwa tahadhari. Lakini hata kama ni hadithi, inatuonyesha jambo ambalo Warumi waliona lazima lisemwe: kwamba Juno aliulizwa, naye akakubali.

Ushahidi wa pili ni wa maneno yenyewe. Mwandishi Macrobius, aliyeishi karne ya 5 BK, ametuhifadhia maombi ambayo, kwa maelezo yake, yalitumika dhidi ya Carthage, mji wa Afrika ya Kaskazini ulioangamizwa na Warumi mwaka 146 KK. Ushahidi wa tatu umo katika jiwe. Mwaka 1970 yaligunduliwa nchini Uturuki, katika magofu ya mji wa kale wa Isaura, maandishi ya Kilatini ya yapata mwaka 75 KK. Yanaeleza kwamba jemadari Servilius aliuteka mji huo na kutimiza nadhiri kwa mungu, awe wa kiume au wa kike, aliyekuwa akiulinda. Jiwe hilo limewafanya wataalamu wengi waone kwamba desturi hii iliendelea kutendwa nje ya Italia hadi siku za mwisho za jamhuri ya Warumi.

3.0 Muundo wa maombi

Kwa mwanafunzi wa lugha, maombi yaliyohifadhiwa na Macrobius yana mafunzo mengi. Kwanza, msemaji halijui jina la anayemwita. Kwa hiyo anataja nafasi zote mbili, mungu wa kiume au wa kike, kisha anamtambulisha kwa kazi yake: yule aliyeupokea mji huu na watu wake awalinde. Pili, msemaji haamuru. Anatumia vitenzi vitatu mfululizo, vyote vya kuomba, kusihi na kutaka idhini. Tatu, kitendo kinachoombwa kina pande mbili. Upande mmoja ni kuondoka: miungu wawaache watu, wayaache mahali, mahekalu na mji, na nyuma yao watie hofu, woga na usahaulifu. Upande wa pili ni kuja: wafike Roma, waione ni bora kuliko walikotoka, na wawe walinzi wa Warumi na askari wao. Nne, msemaji anataka ishara ya kujua kwamba ameitikiwa. Tano, anaweka nadhiri yenye sharti: mkitenda haya, nitawajengea mahekalu na kuwafanyia michezo ya heshima. Baada ya hapo wanyama walitolewa sadaka na matumbo yao yakachunguzwa ili kuona kama ombi limekubaliwa. Hatimaye yalifuata maombi mengine, yaliyoutoa mji ule uliobaki bila miungu kwa nguvu za kuzimu.

Ukiyatazama kwa makini, utaona kwamba maombi haya ni mkataba, na kwamba yana hatari yake. Anayeamini kuwa mungu wa mwingine aweza kushawishika kwa ahadi ya ibada kubwa zaidi hana budi kuogopa kwamba wa kwake naye atashawishika. Mwandishi Pliny anaeleza kwamba ndiyo sababu jina la mlinzi wa Roma lilifichwa, adui asipate la kumwitia. Warumi walisimulia kwamba Valerius Soranus, mtu wa karne ya 1 KK, aliadhibiwa kwa kulitoa jina la siri la mji wao.

4.0 Msamiati wa Kiswahili

Je, Kiswahili kina neno la kuieleza evocatio? Wanafunzi wetu hupenda kuifasiri kwa maneno kama uchawi, uganga au kupunga pepo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofaa. Uchawi hutendwa kwa siri na kwa nia ya kudhuru, ilhali jemadari wa Kirumi alisema kwa niaba ya taifa lake, kwa maneno yaliyowekwa na makuhani. Kupunga pepo ni kumtuliza au kumtoa pepo aliyempanda mtu, wala hakuhusu mlinzi wa mji.

Neno lililo karibu zaidi ni zindiko, yaani kinga ya kiganga inayowekwa ili kulinda nyumba, shamba au mji. Kitenzi chake ni kuzindika, na kinyume chake ni kuzindua. Hapa tunaona mnyambuliko wa kutengua, kama funga na fungua, au ziba na zibua. Siku hizi twazindua vitabu na miradi, lakini ndani ya neno hilo imo maana ya kuondoa kilichokuwa kimefungwa kwa kinga. Hata hivyo, kuzindua hakutoshi. Anayezindua hufungua fundo tu, kinga ikaisha. Mrumi hakutaka kinga iishe, bali ihamie kwake. Kwa maana hiyo tunapendekeza istilahi mwito wa kuhamisha. Kitenzi kuhamisha kina kiambishi cha kusababisha, nacho hutukumbusha kwamba msababishaji yupo, naye ni adui. Huu ndio moyo wa mila ya Kirumi: mtu aliye nje ya agano anaweza kulivunja.

5.0 Mwindo na miungu waliomhifadhi baba yake

Sasa tugeukie Walikale, ambako Wanyanga wana utendi mkubwa wa Mwindo. Utendi huu ulitambwa na mtambaji Rureke, ukaandikwa mwaka 1956, kisha ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye Kinyanga ni lugha yake. Wengi wanaujua kama kisa cha mtoto wa ajabu na baba katili. Sisi tutautazama kwa upande mmoja tu: adui anapokimbilia kwa miungu, anayemfuatia hufanya nini?

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, aliwakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, akiwa na usinga wake wa ajabu mkononi, baba alijaribu kumwua mara kadhaa akashindwa. Mwindo alikimbilia kwa Iyangura, shangazi yake, kisha akaenda kwa wajomba zake wahunzi, waliomvika mavazi ya chuma, na pamoja nao akarudi kupigana. Wajomba walipouawa vitani, Mwindo alimwita Nkuba, yaani Radi, naye akashuka na kuiteketeza Tubondo. Shemwindo akang'oa mmea mmoja wa porini, akapitia penye shina lake hadi kuzimu, kwa Muisa.

Hapa ndipo kisa kinapofanana na kile cha Roma, na pia ndipo kinapotofautiana nacho. Adui yuko chini ya hifadhi ya mungu. Mwindo hasimami nje kumwahidi Muisa hekalu, bali anaingia ndani. Mlangoni mwa nchi hiyo anamkuta Kahindo, binti wa Muisa, mwenye vidonda mwili mzima. Kahindo anamfunulia jinsi ya kuitikia salamu za baba yake, na kumwonya akatae kiti na chakula atakachokaribishwa. Naye Mwindo anamwosha vidonda na kumponya. Ulinzi wa Muisa basi unaanza kupasuka kutoka nyumbani mwake mwenyewe, kwa sababu ya tendo la huruma.

Muisa anampa Mwindo kazi zisizowezekana, kama kupanda shamba la migomba na kuvuna ndizi zake kwa siku moja, akiahidi kumtoa Shemwindo. Kazi inapotimizwa, Muisa anavunja ahadi na kutuma silaha yake imwue mgeni. Mwindo anamshinda, anamwua, kisha anamfufua. Shemwindo anakimbilia kwa Ntumba, na hatimaye kwa Sheburungu. Huyu wa mwisho anacheza na Mwindo mchezo wa kamari wa mbegu. Mwindo anapoteza vyote alivyo navyo, kisha anavirudisha vyote na kushinda vya mwenyeji wake pia. Hapo Sheburungu anamtoa Shemwindo. Mwindo anapanda na baba yake hadi Tubondo, anawafufua waliokufa, baba anaungama makosa yake mbele ya watu wote, na nchi inagawanywa kati ya baba na mwana.

Katika utendi huu adui hana uwezo wa kuliondoa agano kwa maneno matamu. Hifadhi ya mungu inaisha kwa sababu zilizo upande wa mungu mwenyewe: jamaa yake amemhurumia mgeni, au yeye mwenyewe amesema uongo, au ameshindwa katika mchezo alioukubali. Na mwisho wake ni tofauti pia. Mrumi alipowaondoa miungu, mji ulitolewa kwa nguvu za kuzimu. Mwindo anamtoa baba yake kuzimu akiwa hai, na Tubondo inajengwa upya.

Utendi una funzo la pili. Baadaye Mwindo anamwua Kirimu, joka lililokuwa limechanjiana damu na Nkuba. Nkuba, aliyemsaidia Mwindo kuiteketeza Tubondo, anamchukua juu angani na kumtesa kwa baridi na joto mwaka mzima, kisha anamrudisha akiwa na miiko ya kuwafundisha watu wake. Maana yake ni kwamba mlinzi wako aweza kuwa na maagano na wengine usiowajua. Mrumi alidhani mungu ni mlinzi wa upande mmoja anayeweza kupewa bei kubwa zaidi. Mtambaji wa Walikale anasema kwamba Radi hanunuliki. Msaada wake wa jana haumpi mtu ruhusa ya kuwaua rafiki zake leo.

6.0 Maji na miiko

Ipo njia ya tatu ya kulijibu swali letu, nayo imejulikana sana Masisi na Walikale tangu vita vilivyozuka Machi 1993 huko Ntoto, wilayani Walikale, na kuenea Masisi. Vijana waliochukua silaha walinyunyiziwa maji yenye dawa ili risasi isiwadhuru, nao wakaitwa Mai-Mai, kwa matamshi ya Kiswahili cha Kongo ambacho huliacha j ya neno maji. Jambo lenyewe halikuwa geni. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba, mashariki mwa Kongo, walitumia maji ya namna hiyo na kulitaja jina la Mulele vitani. Na mwaka 1905 huko Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyotazamiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani. Kufanana kwa majina hakutoshi kuwa ushahidi kwamba desturi moja imezaliwa na nyingine, lakini muundo wa imani ni mmoja.

Maji hayo huja pamoja na miiko: kutoiba, kutomkaribia mwanamke wakati wa vita, kutokula baadhi ya vyakula, na mingineyo inayotofautiana kutoka kundi hadi kundi. Mpiganaji akianguka, maelezo yapo tayari: amevunja mwiko. Katika mila hii adui hawezi kuliondoa agano, wala mlinzi haliachi. Anayeweza kulivunja ni mlindwa peke yake.

Uzuri wa jibu hili usidharauliwe. Mwiko wa kutoiba huwalinda wanakijiji kuliko unavyomlinda askari mwenyewe. Ni sheria ya vita iliyoandikwa mwilini mwa kijana mahali pasipokuwa na hakimu. Lakini lina uchungu wake. Maji hayawezi kamwe kuonekana yameshindwa, kwa kuwa kila kifo huhesabiwa kuwa kosa la aliyekufa. Mama anayeletewa habari ya mwanawe huambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba amekufa, na kwamba alikuwa mkosaji. Hapo maiti hana nafasi ya kujitetea, na aliyemnyunyizia maji haulizwi kitu.

7.0 Hitimisho

Tumeona majibu matatu. Kwa Warumi, agano la ulinzi huvunjwa na adui anayejua kuita. Aliyeshindwa hana kosa, ila amebaki yatima, na mshindi hana hatia, kwa kuwa miungu walikubali. Katika utendi wa Mwindo, agano huvunjika upande wa mlinzi asiyekuwa mwaminifu au asiye na huruma, na mshindi naye hupimwa kwa maagano ya wengine. Katika imani ya maji, agano huvunjwa na mlindwa, na lawama yote humwangukia.

Mila hizi haziwezi kupangwa kwa daraja, moja ikaitwa dini na nyingine ushirikina. Kila moja inagawa lawama kwa namna yake, na mgawo huo una matokeo kwa walio hai. Mtu aliyekulia Masisi au Walikale ana sababu ya kukumbuka kwamba miiko ya mpiganaji si urithi pekee wa nchi hiyo. Katika utendi wa Wanyanga, jirani za Wahunde wa Masisi, mlinzi mwenyewe anaulizwa kuhusu ahadi yake, na mtawala aliyehifadhiwa na miungu watatu mfululizo mwishowe husimama mbele ya watu na kusema alichokosa. Anayeungama hapo ni mkubwa, wala si kijana aliyeanguka.

Wanafunzi wetu wanapokusanya masimulizi vijijini, tunawashauri waulize maswali matatu kila wanapokutana na habari ya kinga: ni nani anayelinda, analinda kwa masharti gani, na ni nani anayesemwa kuwa ameyavunja? Swali la tatu ndilo ambalo mara nyingi halijibiwi mbele ya wazee waliokaa mbele, bali pembeni, na wale waliofiwa. Ni matumaini yetu kwamba majibu yao nayo yataandikwa, kwa Kinyanga, kwa Kihunde na kwa Kiswahili, kama ulivyoandikwa utendi wa Mwindo.